Bati moja la mukuba, mbinu tano za kompyuta: uchague ipi ukiwa Lubumbashi

Papa mmoja, yaani mzee, wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, hufua picha kwenye mabati ya mukuba, yaani shaba: uso wa tembo, mama anayetwanga, ramani ya Kongo. Akishapiga nyundo kwa muda, bati linakaza na nyundo inaanza kumrudia mkononi. Hapo analilaza juu ya makala mpaka liwe jekundu, analizamisha kwenye ndoo ya maji, na bati linatoka laini kama siku alipolinunua. Anayejua chuma tu atashangaa, maana chuma chenye kaboni ya kutosha ukikizamisha hivyo kinazidi kuwa kigumu. Mukuba haujali maji. Kilichoulainisha ni moto.

Ndani ya bati mambo yalikwenda hivi. Nyundo ilizijaza punje za fuwele mistari ya kasoro iitwayo dislokesheni, na kila mstari unashikilia nishati kidogo. Joto linapopanda, viini vya fuwele safi vinachipuka na kukua kwa kula punje zilizochakaa, mpaka bati zima linakuwa la punje mpya. Moto ukiendelea, punje kubwa zinaanza kula ndogo. Hatua hizi mbili, kuzaliwa upya na kunenepa, ndizo zinazoigwa kwenye kompyuta tangu miaka ya 1980, na ndizo alizoniuliza mdogo wangu mmoja anayemalizia metalurgia: "Yaya, nichukue Monte Carlo, otomata, ao uga wa awamu? Promota anasema nichague mwenyewe." (Promota ni mwalimu anayesimamia kazi yake ya kumaliza masomo, ile tunayoiita TFE.)

Ana laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, hadubini ya mwanga, mashine ya Vickers ya kupimia ugumu, tanuru dogo, na umeme wa kuja na kuondoka. Jibu hili ni lake na la yeyote mwenye vifaa vya namna hiyo. Mwenye seva ya usiku na mchana pamoja na hadubini ya elektroni atayasoma haya kwa kupita tu.

Nani anausukuma mpaka?

Watu hulinganisha mbinu hizi kwa uzuri wa picha zake. Mimi naanza na maswali mawili: katika mbinu hii, nini kinausukuma mpaka kati ya punje? Na saa yake inatoka wapi?

Mpaka hausogei bure. Wakati wa kuzaliwa upya unasukumwa na nishati iliyoachwa na nyundo. Baadaye unasukumwa na mkunjo wake wenyewe, kama mapovu ya sabuni yanavyojipanga ili kupunguza ngozi. Misukumo hii unaweza kuikadiria kwa kalamu. Ule wa kwanza ni nusu ya msongamano wa dislokesheni, mara moduli ya mkato (ukaidi wa metali dhidi ya kupindwa), mara mraba wa vekta ya Burgers (urefu wa hatua moja ya dislokesheni). Shaba iliyofuliwa sana inaweza kufika dislokesheni 10¹⁵ kwa mita mraba. Tia gigapaskali 45 na nanomita 0.256, utapata karibu megapaskali 1.5. Ule wa pili ni nishati ya mpaka mara mbili, gawanya kwa nusu kipenyo cha punje. Kwa jouli 0.6 kwa mita mraba na nusu kipenyo cha mikromita 50, inatoka megapaskali 0.024.

Wa kwanza umeuzidi wa pili mara sitini hivi. Namba hiyo usiisahau, maana ndiyo itakayoamua sehemu kubwa ya ugomvi huu.

Fomula ya mstari mmoja

Kabla ya uigaji wowote kuna hii: X = 1 − exp(−k·tⁿ). Kolmogorov aliifikia mwaka 1937, Johnson na Mehl 1939, Avrami kati ya 1939 na 1941, na majina yao manne yameshikamana mpaka leo. X ni sehemu ya bati iliyokwisha kuzaliwa upya baada ya muda t; k na n ni namba unazozitafuta kutoka kwenye vipimo vyako. Unaifanyia kazi kwenye lahajedwali, hata kwenye simu ukiwa ndani ya teksi.

Haichori picha wala haikuambii punje gani imemla jirani yake. Inadhani viini vimetawanyika ovyo na nishati iko sawa kila mahali, jambo ambalo nyundo ya papa wa Katuba haijawahi kulifanya. Viini vikizaliwa vyote mwanzoni, n inapaswa kuwa 3. Vikiendelea kuzaliwa kwa mwendo uleule, 4. Sampuli halisi mara nyingi hutoa n iliyo chini ya hapo, na sababu kubwa ni hiyohiyo ya nishati isiyo sawa. Hata hivyo ifanye kwanza. Mbinu nyingine zote utazipima kwa fimbo hii.

Monte Carlo na otomata

Hapa ndipo wenye laptopu wanapochagua kweli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye Monte Carlo ya Potts unagawa bati kuwa visanduku, kila kisanduku kikiwa na namba ya punje yake. Unachagua kimoja kwa bahati, unajaribu kukipa namba ya jirani, unahesabu nishati. Ikipungua au ikibaki ileile, unakubali. Ikiongezeka, unakubali mara chache tu, kwa bahati nasibu. Basi. Anderson, Srolovitz, Grest na Sahni walionyesha mwaka 1984 kwamba mchezo huu mdogo unatoa punje zinazonenepa kama za kweli. Mkunjo hukuuandika popote, unajitokeza wenyewe, kwa sababu kisanduku cha kwenye kona kina majirani wageni wengi kuliko ndugu. Programu nzima haizidi mistari mia ya Python. Usipopenda kuandika, ipo SPPARKS ya Sandia National Laboratories, ya bure, ingawa itakutaka uwe na Linux na uvumilivu.

Ubovu wake ni saa. Hatua moja ya Monte Carlo ni kisanduku kimoja kimoja kupata, kwa wastani, nafasi moja ya kujaribiwa. Hiyo si sekunde wala dakika. Hata ile T iliyomo ndani ya fomula ya bahati nasibu hiyo si joto la tanuru, ni kiasi cha fujo tunachoiruhusu gridi. Nimeshasoma kazi ya mwanafunzi iliyoandika "uigaji ulifanyika kwa nyuzi 250" kwa sababu tu alikuwa ameandika 250 mahali pa T. Moyo uliniuma kidogo, maana picha zilikuwa nzuri.

Lipo kosa jingine lililojificha zaidi. Ukitia nishati ya nyundo ndani ya Monte Carlo ya kawaida, mwendo wa mpaka hauongezeki sawasawa na msukumo. Nishati ikishavuka kiasi fulani, karibu kila jaribio linakubaliwa, na ukiizidisha mara mbili hakuna kinachobadilika. Kwa bati lenye sehemu zilizopigwa sana na nyingine kidogo, huo ni uongo wa kimya kimya. Rollett na Raabe waliligusa tatizo hili mwaka 2001 kwa kuichanganya Monte Carlo na otomata.

Na langu mwenyewe niliseme, ili mcheke. Nilipokuwa natafuta digrii nilitumia gridi ya mraba, majirani wanne, fujo sifuri. Punje zilikua kidogo, zikasimama, kuta zimenyooka kama tofali za kuchoma. Nikaandika ukurasa mzima kwamba uchafu ndani ya shaba umeizuia mipaka. Uchafu sikuwa nimeuweka! Gridi ndiyo iliyoshika mipaka. Tumia majirani wanane au zaidi kwenye uigaji bapa, 26 kwenye wa pande tatu, na uache fujo kidogo.

Otomata za visanduku zina damu nyingine. Wazo ni la von Neumann na Ulam, na Hesselbarth na Göbel walilileta kwenye kuzaliwa upya kwa fuwele mwaka 1991. Kila kisanduku kinabeba hali yake, ya zamani au mpya, mwelekeo wa fuwele, na kiasi chake cha nishati. Kanuni ni ya fizikia moja kwa moja: mwendo wa mpaka ni wepesi wake wa kusogea mara msukumo. Mpaka ukishatembea upana wa kisanduku kimoja, jirani anageuka kuwa wa punje mpya. Kwa hiyo saa yake ni ya sekunde, na sehemu iliyopigwa zaidi inaliwa haraka zaidi, kama inavyotakiwa.

Tuchukue mfano wa namba. Visanduku vya mikromita 1, gridi ya 500 kwa 500, hiyo ni nusu milimita kila upande. Punje za mwisho zikiwa na upana wa mikromita 20, zitaenea mia sita na kitu, zinatosha kwa takwimu. Punje ikikua mikromita 10 kila upande kwa dakika kumi, mpaka unavuka kisanduku kimoja kila dakika. Hata ukigawa kila dakika hiyo mara ishirini ili kulainisha mwendo, ni hatua mia mbili tu. Laptopu itamaliza kabla chai haijapoa.

Udhaifu wake unatoka kwenye namba ileile ya sitini. Otomata rahisi haijui mkunjo. Kisanduku cha mwisho cha zamani kikishaliwa, inasimama kama gari lililoishiwa mafuta, wakati bati halisi lililoko kwenye makala linaendelea kunenepesha punje. Kuna wanaoongeza mkunjo kwa kuhesabu visanduku vya jirani, ila ni kazi ya kupapasa. Lakini wakati wa kuzaliwa upya wenyewe, kupuuza msukumo ulio mdogo mara sitini ni kosa dogo kuliko makosa ya tanuru lako. Jambo jingine ni umbo: ukitumia majirani wanne, kiini kinakua kama almasi ya kwenye karata, ukitumia wanane, kama mraba. Dawa ni kubadilishabadilisha ujirani kwa bahati, au kufanya kugeuka kwenyewe kuwe kwa uwezekano.

Shaba inazisaidia otomata kwa namna moja. Alumini ikipashwa moto, dislokesheni zake nyingi hujipanga na kujipunguza zenyewe kabla viini havijakua, kwa hiyo nishati uliyoiandika mwanzoni inavuja njiani. Kwa shaba uvujaji huo ni mdogo. Unaweza kuiacha nishati ilivyo bila kuona haya sana.

Uga wa awamu, na jamaa zake

Huu ndio unaowavuta wengi, kwa sababu video zake ni nzuri. Mpaka hapa hauna ukuta mkali. Ni eneo ambalo thamani ya punje moja inashuka polepole kutoka 1 hadi 0 huku ya jirani ikipanda. Milinganyo inapunguza nishati yote, na mkunjo, msukumo wa nyundo, hata chembe za awamu nyingine (kitu cha pili kilichomo ndani ya metali) zinaingia kwa mantiki moja. Kazi za Chen na wenzake za mwaka 1994 zilifungua njia kwa punje, na Steinbach na wenzake wakaleta aina ya awamu nyingi mwaka 1996. MOOSE ya Idaho National Laboratory ni ya bure. MICRESS ya Aachen inauzwa.

Bei yake iko kwenye kumbukumbu na muda. Ule upana wa mpaka unahitaji visanduku vitano hadi kumi, la sivyo mpaka unakwama. Chukua gridi ya 256 kwa 256 kwa 256, yaani visanduku karibu milioni 16.8. Monte Carlo inaweka namba moja ya baiti 4 kwa kila kimoja, jumla megabaiti 67. Uga wa awamu wa kawaida wenye thamani 36 kwa kila kisanduku, baiti 8 kila moja, unameza gigabaiti 4.8 kabla hujahesabu lolote. Ukitaka kisanduku nusu ya kile, visanduku vinakuwa mara nane na hatua za muda mara nne: kazi mara 32. Kwa otomata, kupunguza vilevile kunakugharimu mara 16. Wako walioandika kwa werevu, wakihifadhi tu thamani zisizo sifuri, lakini huo werevu ni TFE nyingine.

Halafu umeme. Mbio za saa ishirini bila kuhifadhi hatua za kati ni kamari hapa kwetu. Ukiuchagua uga wa awamu, andika hali yote kwenye diski kila nusu saa, na hakikisha unaweza kuendelea kutoka hapo, kwa kulijaribu kabla giza halijakujaribu wewe.

Mbinu ya leveli-seti ya Osher na Sethian, ya mwaka 1988, inauona mpaka kama mstari ambapo kipimo cha umbali ni sifuri. Ilikuzwa kwa ajili ya punje pale CEMEF, maabara ya Sophia Antipolis, Ufaransa, na imeingia kwenye programu ya DIGIMU. Inafaa panapokuwa na mkandamizo mkubwa na moto kwa pamoja, kama kwenye kufua vipuri vya ndege. Kwa msomaji wa hapa ina faida ndogo isiyotajwa vitabuni: baadhi ya tasnifu zake ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo hutapigana na lugha na hesabu kwa siku moja.

Ile ya ncha, inayosogeza kona tu ambako punje tatu zinakutana, ni nyepesi na safi kwenye uigaji bapa. Ukiingia pande tatu, kazi ya kuunganisha na kukata kuta inakumaliza. Nimeitaja ili usiseme niliificha.

Basi nani achukue nini

Ukitaka kujua bati limelainika kwa asilimia ngapi baada ya dakika ngapi, fomula ya mstari mmoja inatosha. Usiongeze uigaji ili kurasa zijae.

Ukitaka kujua kwa nini sehemu iliyopigwa sana ina punje ndogo na ile iliyopigwa kidogo ina kubwa, chukua otomata. Hili ndilo swali la mdogo wangu, na ndilo jibu nililompa. Papa wa Katuba anamwuzia vipande vilivyokatika, vyenye mapigo mengi kwenye mdomo wa tembo na machache kwenye anga nyuma yake. Ramani ya ugumu wa Vickers juu ya kipande hicho inageuzwa kuwa ramani ya nishati, kwa makadirio, na otomata inaanzia hapo.

Ukitaka kujua kinachotokea moto ukikaa mno baada ya hapo, mpe Monte Carlo picha ya mwisho ya otomata kama picha yake ya kwanza. Nishati ya nyundo imekwisha, kwa hiyo lile kosa lake la msukumo halina pa kushika. Saa yake utaisawazisha kwa kupima ukubwa wa punje kwenye sampuli mbili zilizokaa motoni muda tofauti.

Uga wa awamu uchukue kama shaba yako ina kitu cha pili ndani yake kinachozuia mipaka, na kama kuna mtu atakukopesha mashine. Kwa katodi safi (mabamba ya shaba iliyosafishwa) zinazotoka mkoani kwetu, zenye asilimia 99.99, sababu hiyo haipo. (Zinatoka kama mabamba, zinavuka mpaka kwa malori, na waya tunaununua ukiwa umeshavutwa na kulainishwa na wengine. Mji ulioyeyusha shaba yake ya kwanza ya kiwandani mwaka 1911 ungeweza kuzungumza zaidi juu ya hilo. Tuendelee.)

Tanuru linakushinda kabla ya mbinu

Mbinu zote zenye saa ya kweli zinadai wepesi wa mpaka, na wepesi huo unabadilika na joto kwa fomula ya Arrhenius. Tukikadiria nishati ya uamsho (kizingiti ambacho lazima kivukwe ili mpaka usogee) kuwa kilojouli 100 kwa moli, kutoka nyuzi 200 hadi 220 mpaka unakwenda haraka karibu mara tatu. Nyuzi ishirini! Tanuru dogo ambalo kipimajoto chake kimekaa mbali na sampuli linaweza kukudanganya kiasi hicho bila kuona aibu. Uchafu kidogo sana, sehemu chache kwa milioni, nao unaweza kuupunguza wepesi vibaya. Kwa hiyo usichukue namba ya wepesi kutoka kitabuni ukaiamini. Pasha sampuli sita kwa muda tofauti, pima ugumu, tafuta muda ambao nusu ya ulaini imepatikana, na urekebishe wepesi mpaka otomata ikubaliane na muda huo. Kisha ujaribu kwenye joto jingine bila kugusa kitu. Ikikubali huko pia, una jambo la kusema mbele ya jopo.

Programu yenyewe nayo ijaribiwe kabla ya kuiletea bati. Otomata ipewe kiini kimoja kwenye nishati iliyo sawa: kinatakiwa kikue mviringo, nusu kipenyo kikiongezeka sawasawa na muda. Halafu viini vingi vilivyomwagwa ovyo mwanzoni: kwenye uigaji bapa, n ya ile fomula inapaswa kutoka 2, na kwenye pande tatu 3. Isipotoka, kosa ni lako. Monte Carlo ipewe punje moja ya mviringo ndani ya nyingine kubwa: eneo lake lipungue kwa mwendo uleule mpaka litoweke. Na kwenye uigaji bapa angalia punje zenye pande sita. Von Neumann mwaka 1952, kwa mapovu, na Mullins mwaka 1956, kwa metali, walionyesha kwamba za pande sita hazikui wala hazipungui, zenye zaidi zinakua, zenye pungufu zinakufa.

Limebaki moja linalowakwaza wengi siku ya kulinganisha na picha ya hadubini. Shaba iliyolainishwa kwa moto imejaa pacha, ile mistari miwili iliyonyooka inayokata punje kutoka ukuta hadi ukuta. Otomata rahisi na Monte Carlo nilizozieleza hapa hazizizai. Ukihesabu kila mstari kama mpaka, punje zako za hadubini zitaonekana ndogo kuliko za kompyuta, na utaanza kuisumbua namba ya wepesi ambayo haina kosa. Hesabu bila pacha, na uandike kwenye maelezo ya picha kwamba umeziacha.